Ngazi Iandikwe: Nani Anaruhusiwa Kugusa Msimbo Tunaoutegemea

Kiraka changu, yaani rekebisho dogo la programu, kilikuwa na mistari minne. Programu moja huria ya malipo, inayotumiwa na maduka ya mtandaoni katika nchi nyingi, ilikuwa ikiichukulia shilingi ya Uganda kana kwamba ina senti. Mteja wa Kampala akilipa 50,000, programu ilituma senti 5,000,000, na mfumo wa upande wa pili, uliojua kwamba shilingi yetu haina senti, ukasoma shilingi milioni tano. Kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, hakiachi shaka: UGX haina tarakimu hata moja baada ya nukta. Nilirekebisha, nikaandika jaribio la kuthibitisha, nikatuma.

Hakuna aliyenikatalia, na hilo liliniuma kuliko kukataliwa. Ombi langu lilikaa miezi tisa. Niliulizia kwa adabu mara tatu, kimya. Katika mwezi wa kumi wa kungoja, mfanyakazi wa kampuni inayoufadhili mradi ule aliandika marekebisho yaleyale kwa namna yake, yakaingia alasiri ileile. Hakuniibia, sidhani hata aliliona ombi langu. Alikuwa na ufunguo wa kuingiza mabadiliko, mimi sikuwa nao, na katika nyaraka zote za mradi hapakuwa na sentensi hata moja ya kueleza ufunguo huo hupatikana vipi.

Miaka imepita na bado nalitafakari jambo lile. Hapa Kampala tukizungumza juu ya programu huria, mazungumzo huishia kwenye gharama: ni ya bure, serikali itaokoa fedha za leseni. Naona tunalikwepa swali zito zaidi. Hospitali zetu, ofisi zetu na simu zetu zinaendeshwa na msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao watu wachache sana duniani wanaruhusiwa kuugusa. Watu hao walipewaje ruhusa hiyo? Na kijana wa Mbarara au Gulu, ana njia ya kufika walipo?

Leseni huria inampa kila mtu haki ya kusoma msimbo, kuunakili na kuibadilisha nakala yake apendavyo. Haimpi mtu haki ya kuigusa nakala ile kuu ambayo wengine wote wanaipakua. Nakala hiyo ina walinzi wake, wenye ruhusa ya kukomiti, yaani kuandika ndani yake moja kwa moja. Asiye na ruhusa huandika kiraka na kukituma, kisha mwenye ruhusa hukisoma akakubali, akakataa, au akanyamaza. Wachangiaji wengi hupotea kwenye kunyamaza huko. Hawagombani na mtu, wanaondoka tu.

Linus Torvalds alipoutangaza mradi wa Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, mwaka 1991, viraka vilimfikia kwa barua pepe naye akavishona mwenyewe. Leo toleo moja la kiini cha Linux, linalotoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi, hubeba kazi ya watu zaidi ya elfu moja, lakini anayeunganisha kwenye nakala kuu bado ni yeye. Anawezaje? Hasomi kila mstari. Chini yake wamo watunzaji wa sehemu mbalimbali, mmoja wa mtandao, mwingine wa mfumo wa mafaili, wote wameorodheshwa kwenye faili liitwalo MAINTAINERS. Yeye huchukua kazi ya wale anaowaamini, nao huchukua ya wale wanaowaamini. Tangu 2004 kila kiraka hubeba mstari wa saini wa mwandishi wake na wa kila aliyekipitisha mkononi, hivyo kasoro ikitokea unaweza kuufuata mnyororo hadi ilikoanzia.

Mwaka 2005, Linux ilipopoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, bila malipo, Torvalds aliandika Git, ya kazi hiyohiyo, kwa mtindo huohuo wa kuaminiana. Ndani ya Git kila mtu ana nakala kamili yenye historia yote. Kinachoifanya nakala moja iwe "kuu" ni makubaliano tu kwamba hii ndiyo tunayoiamini. Kwa hiyo ukifika chini kabisa, ruhusa ya kukomiti ni uhusiano kati ya watu. Mashine inautekeleza tu.

Na uhusiano huvunjika. Desemba 1994 viongozi wa mradi wa NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, walimnyang'anya Theo de Raadt, mmoja wa waanzilishi wake, ruhusa ya kuandika, kwa sababu ya ugomvi juu ya namna alivyokuwa akizungumza na wenzake. Alibaki na nakala yake na viraka asivyoweza kuviingiza popote. Mwaka uliofuata akaanzisha OpenBSD. Kinachonigusa katika kisa hiki ni hatua iliyofuata: mradi wake ulikuwa wa kwanza kumruhusu mtu yeyote kutazama kupitia intaneti hazina nzima ya msimbo na historia yake, mabadiliko yakiingia siku kwa siku. Kabla ya hapo watu wa nje kwa kawaida walipata toleo lililofungashwa. Aliyefungiwa mlango ndiye aliyewafungulia wengine dirisha. Na hata hivyo, katika OpenBSD yenyewe, ruhusa ya kuandika ilibaki ya wachache.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Apache. Ulianza mwaka 1995 na watu wanane waliokuwa wakibadilishana viraka vya seva ya wavuti iliyokuwa imeachwa na mwandishi wake. Hawakuwa na bosi wa pamoja wala ofisi moja, kwa hiyo walilazimika kuandika kanuni, na Wakfu wa Apache uliposajiliwa mwaka 1999 kanuni hizo zikawa katiba ya nyumba nzima. Mchangiaji akifanya kazi nzuri kwa muda, wenye mradi hupiga kura kumpa ruhusa. Kura ya +1 ni ndiyo, -1 ni hapana. Anayepiga -1 dhidi ya badiliko la msimbo anaweza kulizuia peke yake, lakini sharti atoe sababu ya kiufundi. Bila sababu, kura yake haizuii kitu. Uamuzi hufanyika kwa maandishi. Mkizungumza kwenye kahawa mnarudi kuandika, la sivyo hamjaamua.

Kisha kuna saa 72. Kura za Apache kwa kawaida huachwa wazi angalau muda huo, ili aliyelala, aliye safarini, na aliye upande mwingine wa dunia wapate nafasi. Nikisoma kanuni hiyo nawaona watu ninaowafahamu. Namwona mwanafunzi wa Kikoni ambaye umeme ukikatika Ijumaa hurudi mtandaoni Jumapili. Namwona dada anayenunua bando la siku tatu na kulipangia kazi zake. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hata saa 72 zisingetutosha, lakini mradi wenye kumbukumbu za maandishi ulitukaribisha tuliporudi, na tuliweza kusoma yote yaliyopita. Miradi iliyokuwa ikiamua mambo kwenye simu za video ilikuwa imeshaondoka bila sisi.

Debian, usambazaji wa Linux, yaani Linux iliyofungashwa pamoja na programu nyingine, ilichagua kigezo kingine, na hapa naona ugumu wa kweli. Mradi huo ulianza 1993, una katiba tangu 1998, na wanachama wake humchagua kiongozi kila mwaka. Katika kuongozana wao kwa wao sijui mradi wenye demokrasia zaidi. Lakini kwa miaka mingi mlango wake umetegemea saini juu ya ufunguo wako wa kidijitali: mwanachama aliyepo akutane nawe ana kwa ana, akione kitambulisho chako, ndipo aidhinishe kwamba wewe ni wewe. Kwa mtu wa Berlin hiyo ni safari ya tramu. Kwa mtu wa Soroti inaweza kumaanisha pasipoti, viza na tiketi ya ndege, au kungoja mkutano uje Afrika, kama mkutano mkuu wa Debian ulivyokwenda Cape Town mwaka 2016. Kanuni yenyewe haimbagui mtu. Umbali ndio unaobagua, na kanuni haikuupima.

Kuna pia waliofunga mlango na kusema hivyo waziwazi. SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya karibu kila simu mkononi mwa msomaji wa makala hii, ni mali ya umma lakini haipokei viraka kutoka kwa watu wa nje kwa kawaida. Timu ndogo ya D. Richard Hipp huandika msimbo wake yenyewe. Sina kinyongo nao hata kidogo. Wameandika kwamba wamefunga, kwa hiyo hakuna kijana atakayepoteza miezi tisa mlangoni pao.

Karibu na ninapokaa kuna steji ya boda boda, na mwenyekiti wake ni mzee aliyekulia Busia, Kiswahili chake ni cha mpakani, ambako boda boda zenyewe zilizaliwa. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, kijana mwenye pikipiki yake akitaka kuingia hapa anafanyaje?"

"Alete kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anakokaa, watu wawili wa humuhumu wa kumdhamini, na ada ya kuingia. Katibu anamwandika kwenye daftari. Tunamtazama mwezi mmoja."

"Na kama hamumtaki?"

"Tunamwambia siku ileile aende kwingine. Ana mafuta anayachoma, ssebo."

Sidai kwamba steji ni kielelezo cha haki. Ada yake inaweza kumshinda maskini, na udhamini wa watu wa ndani una upendeleo wake. Steji pia ina sababu ya kupunguza watu ambayo programu haina: abiria ni walewale, lakini msimbo haupungui ukiguswa na watu wengi. Ila kijana anayesimama mbele ya mzee yule anajua anatakiwa kuleta nini, atatazamwa kwa muda gani na nani ataamua. Miradi mingi ya programu yenye fedha na mawakili haijaweza kumwambia mgeni hayo matatu. Na watunzaji wanaposema hapa hakuna kanuni, fanya kazi nzuri tu utaonekana, wanasema kweli kama wanavyoiona wao. Ila kuonekana kwenyewe kunategemea saa za kazi, lugha, na nani aliwahi kuketi meza moja na nani. Pasipo na kanuni ya maandishi, kanuni ya mazoea ndiyo hutawala, na anayeisoma ni aliyeizoea.

Hapa kwetu tuna ushahidi kwamba njia iliyoandikwa huzaa matunda. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Juu yake ndipo ilipojengwa UgandaEMR, inayotumika katika vituo vyetu vya afya, hasa kliniki za VVU. Jumuiya ya OpenMRS ilikaa chini ikaandika ngazi za wachangiaji, kuanzia /dev/null hadi /dev/5. Kwenye kompyuta za Unix, /dev/null ni mahali ambapo chochote ukitupacho hupotea, na ndiko kila mgeni anakoanzia. Kila ngazi ina maelezo: uwe umefanya nini, unaaminiwa kwa lipi. Kwa miaka mingi mmoja wa watu wanaosoma na kuunganisha viraka vya kiini cha OpenMRS amekuwa akiishi Uganda. Kipaji chake kisingepungua kama ngazi isingeandikwa, lakini nina hakika wengi waliomfuata wasingejua pa kuweka mguu.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa wenye ruhusa ya kukomiti katika hifadhidata huria ya PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila usambazaji wa Linux, mtu amepachika mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya SSH, ile ya kuingia kwa mbali, kulichelewa takriban nusu sekunde na akakataa kupuuza. Aliyeupachika alitumia jina la Jia Tan. Alianza kuchangia mwaka 2021, kazi yake nzuri, adabu yake nzuri. Mtunzaji, Lasse Collin, alikuwa karibu peke yake, hakulipwa, na alikuwa ameeleza hadharani kwamba afya ya akili yake ilikuwa ikimsumbua. Majina mengine yasiyojulikana yakajitokeza kumlaumu kwa uzembe na kumshinikiza agawe madaraka. Akayagawa. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na sumu ndani.

Baada ya hapo nilisikia watu wengi wakisema: basi, tusiwape ufunguo tusiowajua. Naelewa hofu hiyo, lakini nadhani inatupeleka pabaya. Kwa watu wa San Francisco au Munich, "ninayemjua" ni mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya jirani. Kijana wa Kampala ni mgeni kwao siku zote. Tukijibu shambulio lile kwa kurudi kwa wanaofahamiana, tutakuwa tumemwadhibu mtu ambaye hakuhusika, na udhaifu uliotumiwa utabaki palepale. Udhaifu wenyewe ulikuwa mtu mmoja aliyechoka akibeba mzigo wa dunia nzima. Yule "mgeni" alishinda kwa sababu hapakuwa na mgeni mwingine wa kweli pembeni yake, mwenye macho na muda, wa kumsoma.

Tazama pia ni ufunguo upi uliotumika. Mafaili ya majaribio yaliyoficha sumu yalikuwamo kwenye hazina ya Git, yakionekana kama takataka za kawaida. Lakini mistari ya kuiamsha iliwekwa kwenye furushi la toleo, lile ambalo wasambazaji hulipakua, na haikuwamo kwenye hazina. Kwa hiyo anayesoma viraka pekee asingeiona. Ruhusa ya kuandika msimbo na ruhusa ya kutoa toleo zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Kila mtunza hazina wa chama cha akiba na mikopo hapa Uganda anajua kwamba anayeandika hundi hawi mtiaji saini pekee. Tenganisha funguo: mmoja wa kuandika, mwingine wa kuidhinisha, mwingine wa kutoa toleo, na uwagawie watu tofauti. Ukifanya hivyo unaweza kumkaribisha mgeni mapema zaidi, kwa sababu kumwamini kwa jambo moja hakumaanishi kumkabidhi nyumba.

Python, lugha ya kuandika programu, ilikwenda mbali zaidi. Guido van Rossum, aliyeiongoza tangu mwanzo kwa neno la mwisho, alijiuzulu Julai 2018 akiwa amechoshwa na mabishano juu ya badiliko moja la lugha. Wenzake hawakumtafuta mfalme mwingine. Waliandika utaratibu wa baraza la watu watano wa kuchaguliwa, na wakaweka sharti kwamba mwajiri mmoja asiwe na zaidi ya wawili ndani yake. Sharti hilo la mwajiri ningelitamani kwenye kila mradi tunaoutegemea, pamoja na ile inayoendeshwa kwa fedha za wafadhili.

Maana lawama zote si za walio ng'ambo. Wizara ya Afya hukusanya takwimu za nchi nzima kwa programu huria ya DHIS2, na kazi ya kiini cha DHIS2 inaongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Sioni kosa la Oslo. Naona kwamba sisi tukiwa na hitaji la haraka hutengeneza nakala yetu, tunaibandika viraka, mkataba unakwisha, na viraka vinabaki kwenye seva ya mtu aliyehamia kazi nyingine. Toleo jipya likitoka, tunaanza upya. Kurudisha kiraka kwenye nakala kuu ni kazi: kukisafisha, kukitetea, kujibu maswali ya wakaguzi kwa wiki kadhaa. Kazi hiyo haimo kwenye bajeti, kwa hiyo hakuna anayeifanya, na asiyeifanya hafikii ngazi ya kuaminiwa. Tukumbuke pia kwamba ufunguo huishi chini ya sheria za nchi fulani. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa Warusi yaliondolewa kwenye lile faili la MAINTAINERS la Linux kwa sababu ya vikwazo. Nchi isiyo na watu wake karibu na funguo hupata habari za namna hiyo kama kila msomaji mwingine, baada ya uamuzi.

Wanaoandika mikataba ya mifumo ya serikali na ya miradi ya wafadhili wanaweza kubadilisha hili kwa aya mbili. Ya kwanza: kila rekebisho lisilo la siri litumwe kwenye mradi mama, na mkandarasi alipwe kwa muda wa kulitetea mpaka lipate jibu. Ya pili: sehemu ya saa za kila mhandisi, hata kumi kwa mwezi, iende kwenye kukagua viraka vya watu wengine, kwa sababu ukaguzi ndio kazi ambayo kila mradi una upungufu nayo na ndiyo inayomfanya mtu ajulikane haraka kwa wenye funguo. Nimewahi kupendekeza aya hizi kwenye kikao kimoja. Niliulizwa kwa nini fedha ya Uganda imlipe mtu asome msimbo wa mgeni. Niliwaonyesha kiraka changu cha mistari minne, tarehe nilipokituma na tarehe kilipoingia cha mwenzangu, na nikawaeleza ni maduka mangapi ya hapa mjini niliyoyafahamu binafsi ambayo katika miezi hiyo yalikuwa yakirekebisha malipo kwa mkono, risiti moja moja, kila jioni.